Nilichokula na Nilivyojisikia

Jumatatu, 6 Mei

Nimeanza leo! Daftari jipya, kalamu mpya, tumbo lilelile.

Jana ilikuwa Jumapili ya Watoto. Watoto walisimama kanisani wakakariri Biblia, kisha sisi wazazi tukakaa chini tukala. Sikumbuki mstari hata mmoja. Nguruwe nawakumbuka wote. Leo asubuhi mkanda wa mkeka wangu wa kiunoni, vazi la heshima hapa kisiwani kwetu, ukagoma kufunga. Nikamwambia mke wangu, Toakase, kwamba umeingia unyevu ukasinyaa. Akasema niupeleke huo unyevu zahanati.

Sista Lesieli alinitoboa kidole, akasoma kimashine chake, akanitazama juu ya miwani. Alisema sukari haijaingia ndani, ila imeshafika getini na inabisha hodi. Nikajiandaa kunyang'anywa kila kitu. Wapi! Hakunikataza hata kimoja. Ameanzisha kikundi, Jumanne na Alhamisi, ukumbi wa kanisa. Kila mtu anaandika alichokula, alikuwa na njaa kiasi gani kati ya moja na kumi, na alijisikiaje. Basi. Hakuna kujitukana wala kujilaumu. Tuandike kama mtu anayetazama mvua ikinyesha.

Nikamwambia sijajilaumu tangu nizaliwe. Akasema ndiyo, kijiji kizima kinalijua hilo.

Nashukuru! Maisha yangu yote natafuta jambo la kuwa wa kwanza, na kumbe lilikuwa hili. Kula, kuandika, kutojilaumu. Nani atanipita?

Kasoro moja. Jirani yangu Uatesoni naye amejiandikisha. Huyu ndiye aliyepewa kuimba peke yake siku ya Pasaka, mstari ambao tangu zamani ni wangu. Baadaye akaja kuomba radhi na mkungu wa ndizi. Ndizi zilikuwa tamu mno. Radhi sijatoa.

Jioni: mihogo ya kuchemsha, nyama ya kopo na vitunguu, mkate, chai. Njaa: nne. Nilijisikia: furaha.

Jumanne, 7 Mei

Kikao cha kwanza. Sista alitugawia kila mmoja kipande cha kiazi kitamu, kisha akaanza kueleza namna ya kukila. Kwanza unakitazama. Halafu unakinusa. Halafu unakiweka ulimini, hutafuni, unasikiliza. Maelezo mazuri sana. Tatizo aligawa kabla ya kueleza. Changu kilikuwa kimeshaenda.

Akanipa kingine. Hakunilaumu! Nikakitazama. Nacho kikaenda.

Uatesoni alitafuna chake mpaka mama mmoja nyuma akaanza kusinzia. Macho kafumba. Alipomeza alisema amesikia ladha ya udongo wa shamba la marehemu mama yake. Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Udongo! Ningesema mimi, wangeniambia nikaoshe kiazi.

Hata hivyo nashukuru. Ni mimi peke yangu niliyekula viwili.

Alhamisi, 9 Mei

Siku ya kusoma. Kila mtu anasoma kipande anachotaka.

Nilijitolea wa kwanza. Nikasimama, nikakohoa, nikasoma kwa sauti ya besi. Jumatano asubuhi: mkate na siagi, njaa tatu, furaha. Mchana: samaki mbichi kwenye tui na ndimu, njaa tano, furaha. Jioni: lu, nyama ya kondoo iliyofungwa ndani ya majani ya majimbi, tui linachuruzika, njaa mbili, furaha kubwa. Nikakaa. Nilitegemea makofi. Sista alisema asante, Kelepi, hakuna kosa hapo. Basi. Asante tu! Mtu anayekuletea barua naye huambiwa asante.

Kisha Uatesoni. Alisema jana alikula nusu ya mkate, amesimama, mlango wa jikoni umefungwa. Hakuwa na njaa. Alikuwa amekumbuka kwamba hakuna mtu duniani tena anayemwita kwa jina lake la utotoni. Akasema hajilaumu, anatazama tu.

Wanawake wakatoa leso. Sista akainuka, akaenda hadi alipokaa, akamwekea mkono begani. MKONO BEGANI. Alisema huo ndio ujasiri wenyewe, kuujua moyo unaokula kabla ya mdomo.

Tulipotoka nje, Uatesoni akaniambia kwa upole kwamba ana wivu na furaha yangu. Ana wivu! Na mkono bado nauona begani kwake.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni huzuni. Wangesema mapema.

Ijumaa, 10 Mei

Nimetafuta huzuni siku nzima.

Asubuhi nilibeba bakuli la mihogo nikaenda kukaa mbele ya makaburi. Mihogo ilikuwa laini, upepo mzuri, kuna mtu ameweka maua mapya kwenye kaburi la babu. Nikafurahi. Mchana nilijaribu kumkumbuka nguruwe wangu mkubwa aliyekufa mwaka jana. Lakini nikakumbuka pia alivyokufa, kwamba tulimwoka kwa harusi ya mpwa wangu, na ngozi yake ilivyokuwa ikivunjika kama biskuti. Nikafurahi zaidi.

Jioni nikamuuliza Toakase kama amewahi kuniona nina huzuni. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa. Alisema mara moja, kopo la nyama lilipokatika kifunguo. Kisha akaniambia, "Baba Melenaite, kama huna kazi, majani ya uani yana kazi nyingi."

Nikafyeka. Njaa: nane, ya kweli! Nimekula majimbi na samaki wa kuchoma. Furaha. Nimeifuta. Nikaandika "utulivu". Nikafuta tena, haikuwa kweli, ilikuwa furaha.

Jumapili, 12 Mei

Jumapili ya Akina Mama. Toakase alivaa gauni jeupe, akaketi mbele na mama wenzake, watoto wakawavika mashada ya maua. Yeye alivikwa na mtoto wa jirani. Umu, tanuri letu la ardhini, tuliifukia alfajiri, tuliporudi kanisani tukaifukua. Viazi vikuu, lu, nguruwe mdogo. Mungu ni mwema.

Mchana Melenaite akapiga simu kumpongeza mama yake. Ni mtoto wetu wa pekee. Tangu Februari yuko ng'ambo, Auckland, anasomea ufundi umeme, na mtihani wake unakaribia. Alizungumza kidogo tu, fundi wake mkuu anamngoja. Toakase alikata simu akarudi jikoni.

Na mimi, katikati ya kipaja cha nguruwe, nikapata! Huzuni ninayo! Iko Auckland na inavuta nyaya!

Baba aliyeachwa na binti. Nyumba iko kimya. Baba anakula. Nani ana huzuni safi kuliko hiyo? Udongo wa Uatesoni utakaa pembeni.

Kusema kweli tangu Melenaite aondoke nalala vizuri na redio ni yangu peke yangu. Lakini hilo si la kusoma ukumbini.

Jumanne, 14 Mei

NIMESHINDA!

Nilisubiri wa mwisho. Sikukohoa. Nilisoma polepole, sauti ya chini. Nikasema jana nilikula sahani tatu za majimbi na sikuwa na njaa hata moja. Nikasema tangu binti yangu aondoke, nyumba haina sauti. Nikasema natafuna ili nisikie kitu ndani ya nyumba.

Ile ya mwisho sikuwa nimeipanga. Ilikuja yenyewe! Hata mimi ilinichoma kidogo.

Nikakaa. Kisha kilio. Mama aliyekuwa akisinzia siku ile, leo alilia mpaka akabebwa nje kupunga hewa. Sista Lesieli alikuja akaniwekea mikono MIWILI, bega la kulia na bega la kushoto. Uatesoni alipenga kamasi kwa sauti, akanikumbatia, akasema, "Ndugu yangu, kumbe furaha yote ile ulikuwa umefunikia." Ana moyo mzuri Uatesoni, nikimshinda.

Nashukuru Mungu kwa kipaji. Nashukuru Auckland. Jioni nilikula kawaida. Njaa: sita. Nilijisikia: nimeheshimiwa.

Jumatano, 15 Mei

Sijui nianzie wapi.

Hapa kwetu mtu akiwa na huzuni, haachwi na njaa. Hilo nililisahau. Jua halijakaza, mke wa mchungaji kaleta sufuria ya kabichi na nyama ya kopo. Nyuma yake kikundi cha wasukaji mikeka, keki za kukaanga, ndoo nzima. Nyuma yao Uatesoni, mkungu wa ndizi. Wote wananishika mkono, wananitazama machoni, wanasema nile taratibu na nisijilaumu.

Kisha akaja Shangazi Fifita.

Dada wa marehemu baba yangu. Katika ukoo wetu hakuna aliye juu yake. Akisema jua limezama, sisi tunawasha taa. Aliletwa kwa gari la mkwewe, na beseni la faikakai mapajani, madonge ya unga yanaelea kwenye tui na sukari iliyounguzwa mpaka ikawa nyeusi. Akaketi kwenye kiti changu. Nikaketi chini.

"Kelepi. Mwanangu. Nimesikia nyumba haina sauti."

Nikasema si sana, Shangazi.

"Kula. Mimi nipo, nitakusemesha."

Nikaanza kumweleza kuhusu sukari na geti. Akasema marehemu baba yangu hakuwahi kumjibu hivyo. Nikala. Alinisemesha kuhusu nyonga yake, kuhusu mkwewe, kuhusu kila mtu aliyezikwa tangu kimbunga kikubwa. Kila donge likiisha ananiongezea. Aliondoka beseni likiwa jeupe.

Njaa: hakuna namba. Nilijisikia: kama mfuko wa saruji ulioachwa mvuani. Lakini faikakai yake jamani. Sukari ile. Siwezi kusema uongo katika daftari.

Toakase alikuwa sokoni. Aliporudi akakuta wanawake wawili wanalia kwenye ngazi yake. Walimweleza. Nilikuwa nimelala sakafuni, siwezi hata kugeuka. Akasimama mlangoni na mfuko wa vitunguu.

"Kwa hiyo nyumba yangu haina sauti," alisema.

Amepika chakula cha jioni kwa kelele nyingi za sufuria.

Alhamisi, 16 Mei

Sikwenda kikundini. Nilituma salamu kwamba tumbo linatafakari.

Mchana simu ikalia. Melenaite, kwa simu ya video. Shangazi alimwambia binti yake aliye Auckland, binti akamwambia Melenaite kwenye mazoezi ya kwaya. Macho yake yamevimba. Alisema hakujua. Alisema kila akipiga simu mimi nacheka, angejuaje. Alisema amekata tiketi, Jumamosi yuko hapa, na hatarudi. Fundi wake mkuu amempa mpaka Jumatatu aamue.

Nikasema, mwanangu, mtihani? Akasema mtihani gani wakati baba anatafuna ili asikie sauti.

Maneno yangu mwenyewe! Yamevuka bahari yakarudi!

Nikafanya mpango wa haraka. Nitamwonyesha nina furaha. Nikaegemeza simu kwenye kopo la unga, nikawasha redio, nikacheza. Nikaimba. Nikacheka kicheko changu kikubwa kile cha harusini. Nikampungia mkono huku narudi nyuma, nikakanyaga ndoo ya keki, nikaanguka. Nikaendelea kucheka pale chini ili asijue kama nimeumia.

Toakase alipoichukua simu, nikamsikia Melenaite akimwambia mama yake, kwa sauti ndogo, "Mama, baba amechanganyikiwa. Nakuja."

Keki mbili, zile ambazo sikuzilalia. Njaa: sifuri. Nilijisikia: vibaya. Ni mara ya kwanza naandika hivyo, na hakuna wa kunishika bega.

Jumamosi, 18 Mei

Amefika! Amekonda, amekata nywele, ana kovu dogo mkononi la waya. Amebeba masanduku yote mawili. Pale uwanja wa ndege alinishika kama ninaweza kumwagika.

Nilikuwa nimepanga kumwambia kweli kabla hajafika kwenye gari. Lakini alisema ana njaa. Tukapitia kwa muuza kuku wa kuchoma. Nikapanga kumwambia baada ya kuku. Baada ya kuku tulikuwa tumefika nyumbani, na majirani wamejaa uani. Nikapanga kumwambia jioni. Jioni alitengeneza swichi ya jikoni, ile inayotoa cheche tangu sijui lini. Kwa bisibisi moja tu! Aliinama, akafungua, akaunganisha, taa ikawaka bila kulia. Toakase alisimama anatazama ile taa. Nami nikatazama mikono ya mtoto wangu, nikajua kabisa kwamba mikono hii haifai kurudi hapa kunisikiliza nikitafuna.

Sikumwambia.

Kuku, mihogo, embe. Njaa: tano. Nilijisikia: furaha sana, na chini yake kitu kingine kibaya.

Jumapili, 19 Mei

Jumapili ya Akina Baba. Najaribu kuandika kwa mpangilio.

Baada ya ibada, karamu ukumbini. Meza zimejaa mpaka sahani zimepandana. Sisi wababa tumekaa mbele, shada shingoni. Shangazi Fifita kichwani mwa meza. Kila mtoto anasimama kumshukuru baba yake, halafu watu wanapiga makofi, halafu tunakula. Nilikuwa na lu mbele yangu, bado inatoa mvuke. Sijaigusa.

Melenaite akasimama. Alisema anaomba msamaha mbele ya kanisa. Alisema alikwenda kutafuta maisha akamwacha baba yake kwenye nyumba isiyo na sauti. Alisema kesho atampigia fundi wake, atamwambia basi. Uatesoni akaanza kulia. Sista Lesieli, meza ya pili, akainamisha kichwa.

Mimi nikasimama. Sijui miguu ilitumwa na nani.

Nikasema, "Melenaite, kaa. Nimetunga."

Watoto wakaacha kutafuna.

Nikasema sikuwa na huzuni. Nikasema nalala vizuri na redio ni yangu. Nikasema Sista alimshika Uatesoni bega na mimi nikaambiwa asante, nikaona wivu, nikatafuta huzuni kote, hata makaburini, nikakosa, nikaazima jina la mwanangu. Nikasema chakula chote mlicholeta nimekila, nawashukuru, kilikuwa kitamu, na sikustahili hata keki moja.

Nikabaki nimesimama. Kisha kutoka kichwani mwa meza:

"Na faikakai yangu?"

Nikasema, "Shangazi, ile niliila kwa moyo wote."

Akanitazama. Nikangoja radi. Akasema, "Baba yako naye alikuwa hivihivi. Kaa ule, mpumbavu wewe, lu inapoa." Mtu mmoja akacheka. Halafu wote. Uatesoni alicheka huku analia, sauti mbaya sana kwa mwimbaji. Melenaite hakucheka. Alitoka nje.

Mimi na Toakase tukamfuata nyumbani. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni. Aliniuliza kama najua tiketi ile aliikataje, kwa kuacha nini. Nikasema sijui. Alisema alilia ndani ya ndege mpaka mzee wa kiti cha pembeni akampa mkate wake. Nikataka kuuliza mkate wa nini. Sikuuliza. Nahesabu hilo kama ushindi.

Toakase akaketi kati yetu. Gauni la kanisani, miguu peku.

"Baba yako ametunga," alisema. "Lakini hajatunga yake. Ametunga yangu."

Tukamtazama.

Alisema tangu Februari anapika kwa watu watatu. Mkono hautaki kupunguza. Tunakula wawili, mimi nakwenda zangu kwenye redio, yeye anabaki jikoni na lile fungu la tatu. Hawezi kulimwaga. Hawezi kulifunika, maana kesho lipo, linamtazama. Kwa hiyo analila. Amesimama, hana njaa.

"Mimi ndiye ninayekula chakula chako, mwanangu. Kila siku. Sikumwambia mtu. Halafu mtu huyu anakwenda kuyasoma ukumbini kwa ajili ya kushikwa mabega."

Melenaite alimlalia mama yake begani. Nikakumbuka sufuria zilivyolia Jumatano. Nimekaa na mke wangu kila siku, nimeandika kila tonge lililoingia mdomoni mwangu, na hapo hapo, upande wa pili wa mlango, mtu anakula peke yake. Sikumwona. Mimi na daftari langu.

Nikamshika mkono. Hakuutoa.

Melenaite akauliza sasa arudi Auckland au abaki. Toakase alimjibu bila kungoja. "Nenda ukamalize. Sikukuzaa uje kuniangalia nikila. Nikikukumbuka nitakupigia simu mwenyewe. Sitamtuma baba yako."

Hapo ndipo Melenaite alipocheka.

Wameniletea lu yangu kutoka ukumbini, imefunikwa. Tumekula watatu, pale ngazini, kwa mikono. Njaa: saba. Nilijisikia: huzuni, kweli, bila kuitafuta. Na aibu. Na shukrani nyingi. Na lu ilikuwa tamu. Vyote kwa pamoja. Sikujua vinaingia kwenye tumbo moja.

Jumatatu, 20 Mei

Melenaite alimpigia fundi wake asubuhi. Anarudi. Mtihani wake uko palepale. Nashukuru! Nashukuru! Nashukuru!

Uwanjani sanduku lilizidi uzito kwa sababu Shangazi Fifita alituma viazi vikuu viwili vya ukubwa wa watoto wachanga, na hakuna wa kuvikataa. Tukatoa nguo. Viazi vimesafiri, sweta zimebaki.

Alinikumbatia kwa muda mrefu. Alisema bado ana hasira kidogo. Nikasema ni haki yake, achukue muda wake. Alisema, "Na ucheze tena kwenye simu, ila uondoe ndoo."

Jioni Toakase alisimama jikoni na mwiko mkononi, akiitazama sufuria. Nilikuwa nimezima redio. Nikaenda nikasimama naye. Nikamuuliza watu wangapi. Akafikiri. Akasema wawili, na kidogo cha Uatesoni, maana anaishi peke yake na hapiki. Nikapeleka mwenyewe sahani ya Uatesoni. Alifurahi mpaka akaniudhi.

Majimbi, samaki, mchicha. Njaa: sita. Tuliketi. Tulikula polepole kwa sababu tulikuwa tunazungumza. Nilijisikia: nina mke.

Jumanne, 21 Mei

Toakase amejiunga na kikundi. Leo alisoma. Hakusimama, hakukohoa, alisoma kama mtu anayesoma bei za sokoni. Alisema jana alipika kwa watu wawili na nusu, akala ameketi. Akafunga daftari. Hakuna aliyelia. Sista hakumshika popote. Alimsogezea tu kiti chake, wakakaa karibu. Nilijivuna kana kwamba nimemwandikia mimi.

Sista alinipima tena. Sukari bado iko getini, alisema, ila imekaa chini. Kuhusu mengine, alisema hana neno, hapa hatuhukumiani. Lakini aliiangalia dari kwanza.

Nimejifunza mengi katika siku hizi. Sitatunga tena hisia. Hisia zinakuja zenyewe, na ukizisema kwa uongo zinakata tiketi. Naandika hili kwa moyo wote, na kwa shukrani kwa Mungu, kwa Toakase, kwa Melenaite, kwa Shangazi, hata kwa Uatesoni.

Mwisho wa kikao Sista ametangaza kikundi kingine, kinaanza wiki ijayo. Ni cha usingizi. Kila mtu ataandika alilalaje na ameota nini. Uatesoni amejiandikisha wa kwanza! Amesema anaota kila siku yuko ndani ya ua la haibiskasi. Ua! Akinamama wameshaanza kuguna.

Mimi huwa sioti kitu. Nalala kama gogo.

Lakini hisia ni hisia na ndoto ni ndoto. Ndoto nani atazikatia tiketi? Nimejiandikisha wa pili. Nimeshaandika tatu za kuanzia. Kuna papa, kuna malaika anayeimba besi, na katika ile ya tatu nyangumi ananiita kwa jina langu la utotoni. Hiyo ya nyangumi ni nzuri mno, nimelia nilipokuwa naiandika.